Stika ya waranti

Jumapili, Julai. Baridi ya kukaa na koti ndani ya nyumba. Mlima Meru haujaonekana tangu juzi, na mimi pia sitaki kuonekana. Hata kanisani sijaenda.

Kompyuta iko mbele yangu. Ndiyo ile niliyoitamani tangu nianze kazi ofisini kwenye shamba la maua Usa River: kadi ya picha yenye nguvu, feni tatu, taa za bluu. Nilipoijaribu, magari ya mbio yalipita kwenye kioo bila kukwama hata kidogo. Sijacheza hata dakika kumi.

Nimemuumiza baba.

Baba ni fundi redio Ngarenaro. Siku hizi kazi haziji. Watu wanasikilizia kwenye simu. Nilipomwambia nataka kompyuta ya gemu, na kwamba mtu anaweza kununua vipuri kimoja kimoja akaiunga mwenyewe, alivua miwani akanitazama. "Tutaiunga sisi, mama," alisema; ndivyo anavyoniita mimi bintiye. Hajawahi kufungua kompyuta maishani mwake. Akanunua daftari. Kila Jumamosi nilimkuta ameandika maswali: umeme unaingilia wapi, joto linatokea wapi, feni ipulize ndani au nje. Tulicheka Jumamosi hizo kuliko wakati wowote tangu mama afariki.

Halafu wiki iliyopita nikaingia duka moja mjini, nikanunua iliyokwisha kuungwa.

Nilimwambia ni kwa ajili ya waranti. Uongo. Mikono ya baba imeanza kutetemeka. Nilimwona akihangaika kuingiza skrubu ndogo kwenye saa ya ukutani, ikamponyoka mara ya tatu, ya nne, nikaangalia pembeni. Nikaiwaza kadi yangu ya picha kwenye mikono ile. Hapo ndipo nilipoamua, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Jana alikuja kuiona. Nilikuwa nimeiweka juu ya stuli. Akaizunguka, akainama, akaigonga ubavuni kwa kidole kama anavyogonga redio za wateja. Kisha akatoa bisibisi mfukoni. Sijawahi kumsikia akisifia chombo kabla hajakiona ndani.

"Baba, usifungue," nikasema, haraka mno. "Kuna stika hapo. Ikichanika, waranti imekufa."

Akaigusa ile stika. Akaitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi. Bisibisi ikarudi mfukoni.

"Nzuri sana, mama. Hongera."

Alijua.

Leo mchana mkokoteni umesimama nje kwangu, hapa Daraja Mbili. Umeleta meza ya baba, meza yake ya kazi, ile niliyoandikia mazoezi ya shule nikiwa mdogo huku yeye akichomea nyaya za redio kwa risasi upande wa pili. Ameipiga msasa, lakini alama za moto hazijatoka. Mwenye mkokoteni alikuwa na ujumbe: mzee anasema kompyuta nzuri haikai juu ya stuli, na yeye meza haihitaji tena.

Nilikaa sakafuni nikalia mpaka kichwa kikauma.

Kisha nikafanya nilichopaswa kumwachia afanye jana. Nikaichana stika, nikafungua skrubu zote, nikampigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Meza imefika?"

"Imefika. Baba, nimeifungua kompyuta. Njoo tuiangalie ndani."

Nikasikia kwaya ikiimba redioni nyuma yake.

"Mama," akasema kwa upole, "tafuta fundi."

Skrubu nimezipanga kwenye meza yake, juu ya zile alama za moto. Kesho nikitoka kazini nitapitia Ngarenaro, nimwambie ukweli wote, hata ule wa mikono. Skrubu sizirudishi mimi.

Na asipokuja je?