Mama Yake Ametoka Kijivu

Loveness, nimempiga mteja na stendi ya kamera. Kichwani. Mimi!

Ni Magesa, yule wa harusi ya Ngokolo. Kaingia studio anafoka: "Mama yangu mmemgeuza maiti!" Unajua mama yake alifariki juzi tu, na hiyo video ya harusi ndiyo picha yake ya mwisho.

Mimi nilisharekebisha rangi kwenye programu ya kuhariri. Enock, mwenzangu wa studio, akakihamishia kipande cha mama kwenye programu yake, afute nguzo ya umeme iliyokuwa nyuma. Kumbe karekebisha rangi tena juu ya yangu, ikaharibika. Mama akatoka kijivu kabisa.

Magesa akamkaba Enock koo kwa waya wa chaja. Loveness, kwa waya! Macho yakamtoka. Nikapiga. Magesa akaanguka, damu hadi kwenye kibodi.

Enock anakohoa, hawezi hata kuongea, lakini akafungua video halisi ya kamera ambayo haijaguswa. Mama akatokea na weusi wake, anacheka. Magesa akalia kwa sauti, pale pale chini.

Nimemfunga kichwa na kanga, damu bado inavuja. Njoo na bajaji upesi tuwapeleke hospitali wote wawili. Magesa hataki kutoka. Anasema, "Rudisha nyuma, nimwone tena."