Jogoo wa Mwezini

Jumamosi, 5 Julai

Nguo saba zimepigwa pasi, tamthilia mbili zimesikilizwa. Ya kwanza: roboti anayedai mirathi. Sauti safi, hoja dhaifu. Hakuna aliyeeleza roboti hufaje, na hilo ndilo swali lote. Alama 5.8. Ya pili: sehemu ya tano ya *Kisima cha Mwezini*. Hiyo niliiachia alasiri, mbele ya wenzangu.

Saa kumi, stoo ya nyuma ya duka la Nassor, Tegeta. Kila mtu juu ya ndoo yake ya rangi, katikati ya saruji na mabomba. Tuko watatu. Nassor huuza vifaa vya ujenzi, kama baba yake na babu yake. Upendo ni mwalimu wa Biolojia, mdogo wangu kwa miaka ishirini na mitano. Mimi ni mkemia katika maabara ya maji. Hatuunganishwi na jambo lolote isipokuwa tamthilia za sauti za kubuni za kisayansi. Inatosha. Tunajiita Baraza la Masikio na tuna kanuni moja: kabla ya kutoa maoni, taja sauti moja uliyoisikia. Asiyesikia hana maoni.

*Kisima cha Mwezini* ni habari ya wanawake sita wanaochimba barafu katika shimo lisilofikiwa na jua. Mtunzi hajulikani, hujiita Sauti za Uani. Imebaki sehemu moja. Maji yamepatikana, umeme wa kituo unazimika, na hatujui nani atatoka hai.

Nassor alitaja mngurumo wa chombo. Upendo alitaja pumzi ya nahodha. Mimi nilitaja jogoo.

Dakika ya kumi na nne, nyuma ya maneno ya nahodha, jogoo anawika. Hawakuniamini. Niliwarudishia mara tatu. Nassor alicheka hadi akashika mfuko wa saruji. "Dada Koku, sie tunasikiliza mwezi, wewe unasikiliza banda la kuku!"

Upendo alitoa 9. Nilitoa 4.1.

"Madam Nukta," akasema Upendo, "hiyo nukta moja ni ya nini, ya huruma?"

Ni ya mtambo wa kuchimba. Sauti ile imerekodiwa, bila shaka, kwa vifaa vya hali ya juu.

Jumapili, 6 Julai

Nimeandika maoni ya Baraza chini ya sehemu ya tano. Aya nne. Sentensi ya mwisho: "Mwezini hakuna hewa, hivyo hakuna jogoo, mtunzi asiyesikiliza kazi yake mwenyewe asituombe sisi tuisikilize."

Nimeisoma mara mbili. Ina mizani. Nimeridhika.

Jumatano, 9 Julai

Nimechelewa kazini kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nililala hadi saa moja. Sababu haijulikani.

Alhamisi, 10 Julai

Sehemu ya sita ilipaswa kutoka leo saa kumi na mbili jioni. Badala yake, tangazo la sekunde kumi na moja, kwa sauti ya nahodha: "Kisima kimefungwa. Aliyetukosoa amesema kweli. Asanteni kwa masikio yenu."

Hakuna zaidi.

Ujumbe wa Upendo ulifika kabla sijaweka simu chini: "Madam, umewaua wote sita."

Nilihisi nimedhulumiwa: nilikuwa nimesema ukweli. Nilikunywa chai bila sukari na haikunisaidia.

Ijumaa, 11 Julai

Nimechelewa tena. Dakika arobaini.

Jumamosi, 12 Julai

Hatukuwa na cha kusikiliza. Nassor alipika kahawa, akammiminia Upendo kwanza, kisha yeye mwenyewe, kisha mimi. Nilielewa.

Upendo aliuliza kwa upole anaoutumia, nadhani, kwa wanafunzi wake: "Madam, pale dakika ya kumi na nne, wale kinamama walikuwa ndani ya kituo au nje?"

Ndani.

"Walikuwa wamevaa helmeti?"

Hawakuwa wamevaa. Walikuwa wanakula uji.

"Sasa walikuwa wanavuta nini?"

Hewa. Walikuwa wanavuta hewa. Penye hewa ya kumtosha nahodha, ipo hewa ya kumtosha jogoo. Jogoo hakuvunja sheria yoyote ya maumbile. Aliyevunja sheria ni mimi, na niliyoivunja ni ya mantiki, tena ya darasa la kwanza.

"Hata mie nilikuwa sijaliona hilo," alisema Nassor, akanisogezea sahani ya kashata. Huruma yake iliniuma kuliko kicheko chake.

Nimekosea. Nimekosea hadharani, kwa sentensi yenye mizani. Kwa kosa hilo, tamthilia bora ya Kiswahili niliyopata kuisikia haina mwisho. (Ilistahili 8.5. Nilijua hivyo tangu Jumamosi iliyopita. Nilifurahia mno kumkamata jogoo.)

Nimemwandikia mtunzi ujumbe wa kuomba radhi. Haujasomwa.

Jumapili, 13 Julai

Nimeikosa ibada ya kwanza. Mara ya tatu kwa wiki moja. Niliamua kulichunguza jambo hili kama ninavyochunguza sampuli: nini kimebadilika? Pazia lile lile. Kitanda kile kile. Chakula cha jioni hakijabadilika. Nilisimama bafuni na mswaki mdomoni nikasikiliza. Boko, ninakoishi, ilikuwa na kengele ya kanisa, pikipiki, redio ya mtu. Ilikosa kitu kimoja.

Jogoo wa jirani yangu, Mama Rehema, hajawika tangu Jumatano.

Nilisikiliza tena dakika ya kumi na nne. Mapigo matatu marefu, la nne linakatika kama mlango wenye bawaba kavu. Ni yeye. Ameniamsha kila siku kwa miaka miwili. Nilikwenda getini kwa mwenye jogoo mara mbili kumlalamikia. Nikamsikia Mwezini, nikashindwa kumtambua.

Sikumaliza mswaki.

Mama Rehema ni fundi cherehani. Nimemjua kwa salamu za getini na kwa malalamiko yangu. Alifungua akiwa na futi ya kupimia shingoni. "Karibu, jirani. Leo umekuja kushtaki nini? Kuku hayupo."

"Nimekuja kushtakiwa," nilisema. Nikamwambia Baraza la Masikio ni nani.

Aliketi. Akaivua futi shingoni, akaizungusha kidoleni. Kisha: "Kumbe ni wewe. Nililia, jirani, sitakuficha. Halafu nikaona umesema kweli, nikamfunga miguu nikampeleka kwa mdogo wangu, Chamazi. Na ile hadithi nikaiacha."

Nilimweleza habari ya hewa. Nilieleza kwa mpangilio, hoja baada ya hoja, nikahitimisha kwamba kosa ni langu lote na jogoo hana hatia. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akacheka, kicheko cha nahodha kabisa, na mimi nikasimama pale nikiwa na shaka kama naruhusiwa kucheka.

Alinionyesha chumba. Nguo za wateja zimetundikwa pande zote nne kumeza mwangwi. Simu imefungwa kwa utepe kwenye mguu wa kiti. Mngurumo wa chombo ni cherehani yake ya miguu. Mlango wa kituo ni mfuniko wa sufuria. Nikauliza mtambo wa kuchimba. Akaingia jikoni, akarudi na mbuzi ya nazi na debe tupu. Akakuna. Mwezi mzima ulikuwa mbele yangu.

Vifaa vya hali ya juu. Niliandika hivyo.

Nilimsihi amalize. Nilisema waliomsikia jogoo wamekwishamsikia. Kumfuta sasa ni kughushi matokeo. Anapaswa kuelezwa ndani ya hadithi. Mama Rehema alishika chaki yake akaanza kuchora mistari mezani bila kuangalia. "Huko mchana wa mwezi ni wiki mbili, usiku wiki mbili," alisema. "Umeme ukizimika na saa zikasimama, hawajui kama ni leo au kesho. Ila jogoo anajua. Yeye saa yake ni ya Boko."

Nywele zilinisimama. Naliandika kama lilivyotokea.

Kisha akaiweka chaki chini. "Lakini bila yeye mwenyewe sirekodi. Nikiigiza, wewe wa kwanza utanishika." Akapiga simu Chamazi. Haikupokelewa. Akapiga tena. "Leo mdogo wangu ana wageni wa kipaimara," alisema polepole. Tukatazamana.

Nassor anakuja na pikapu. Naandika haya nikimsubiri getini.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Kutoka Boko hadi Chamazi ni kuuvuka mji mzima. Nassor aliendesha akiwa amevaa kanzu yake ya safari za arusini. Alisema jambo kubwa halina nguo ndogo. Mama Rehema alikaa katikati, debe mapajani. Sijui kwa nini alilibeba. Yeye pia hakujua.

Tulikuta turubai, viti vya plastiki, muziki, na moto uani wenye sufuria kubwa. Harufu ya mchuzi wa kuku. Mdogo mtu alikuja amenyoosha mikono: "Dada! Hukusema unakuja! Wageni wenyewe ndio wanaanza kula."

Mama Rehema alikuwa anaitazama sufuria. Mimi pia. Nilifikiri, kwa ubaridi kamili: hii ndiyo sentensi yangu, imepikwa.

Nassor ndiye aliyeuliza. "Shemeji, samahani sana. Huyo aliyeko jikoni, alikuwa anawikaje?"

Mwanamke alidhani ni mzaha wa watu wa Tegeta. Kabla hajajibu, nyuma ya bafu la nje, juu ya rundo la matofali, mapigo matatu marefu. La nne likakatika.

Mama Rehema aliliangusha debe. Tulikumbatiana. Sijui ni nani aliyeanza. Nashuku ni mimi. Nassor alimpa mkono jogoo, au alijaribu, akadonolewa. Tulilazimishwa kukaa na kula. Kuku waliopikwa walikuwa wa kununuliwa, wa kizungu, na mchuzi ulikuwa bora. Mdogo mtu hakutaka kumtoa kuku wake mpya hadi alipoambiwa anahitajika Mwezini. Akafikiri kidogo. "Basi mrudisheni akishuka," alisema.

Tulirudi naye katika boksi la vigae. Aliwika daraja zima la Mbagala.

Jumanne, 15 Julai

Nimeamshwa saa kumi na moja kasoro robo. Nimefika kazini mapema.

Jumamosi, 19 Julai

Kurekodi. Nassor ni sauti ya Dunia. Upendo ni mchimbaji mdogo kuliko wote. Alilia kweli, kisha akauliza kama kilio kimetosha. Mimi nilipewa mkemia wa kituo, anayesoma majibu ya maji. Mistari mitatu.

Niliirudia mara kumi na moja. Nimezoea kusoma majibu ya maji. Sijazoea kuyasoma kama mtu mwenye kiu.

"Jirani," alisema Mama Rehema, "hayo ni maji, si tangazo la msiba. Wenzako watakunywa! Furahi kidogo."

Mara ya kumi na mbili nilifikiria sufuria ya Chamazi, na yule aliyewika nyuma ya bafu. Mama Rehema akasema: "Hiyo hiyo. Usiiguse."

Jogoo alikataa kuwika mchana kutwa. Tulimwekea giza kwa kitambaa, tukamfunua, tukamwonyesha taa. Hakuna. Mama Rehema akaweka simu dirishani, akasema tumwache; atawika saa yake. Jogoo huyu ndiye aliyekuwa ametuandikia hadithi na sisi tulikuwa tunamfundisha kazi.

Alhamisi, 24 Julai

Imetoka. Sikuisikiliza. Nimeahidi kusubiri.

Jumamosi, 26 Julai

Stoo ya Nassor, saa kumi. Ndoo nne. Ya nne, ya Mama Rehema, Nassor alikuwa ameipangusa na kuitandika kanga.

Tulisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Umeme unazimika. Saa zinasimama. Sauti ya Dunia inakatika katikati ya neno. Wanawake sita wanagombana kama wamekaa gizani siku tatu au kumi, na mmoja anataka kuyanywa maji yote kwa sababu, anasema, hakuna kesho. Kisha kimya, kirefu kuliko mtunzi yeyote anavyothubutu. Kisha mapigo matatu, na la nne. Na nahodha, taratibu: "Boko kumekucha. Amkeni, tufanye kazi."

Walipona. Wote sita.

Nje mteja alikuwa anagonga kaunta akitaka misumari, Nassor hakwenda.

Kanuni ikafuatwa. Upendo alitaja kimya. Nassor alitaja debe. Mama Rehema alisema alisikia mkemia anameza mate kabla ya kusema "salama." Nilikuwa sijui kwamba niliyameza.

Upendo alitoa 10. Nassor alitoa 10, na juu yake soda. Mimi nilitoa 9.7.

"Madam Nukta!" Upendo alisimama juu ya ndoo. "Hizo tatu zimekwenda wapi?"

Nilieleza. Walikunywa kabla majibu ya sampuli ya tatu hayajasomwa. Haikubaliki, hata Mwezini.

Mama Rehema alicheka hadi kanga ikaanguka. "Msimu wa pili," alisema, "watachemsha."

Jumapili, 27 Julai

Saa kumi na moja kasoro robo. Mapigo matatu. La nne likakatika.

Sikuinuka mara moja. Upande wa pili wa ukuta, cherehani ilianza, taratibu, kisha kwa kasi: chombo kinaondoka. Nikakisikiliza hadi kikatulia angani.

Kisha nikachomeka pasi. Nguo sita leo.