Mjukuu Wangu Alipotea kwa Jibu Nililomfundisha

Tinde, Shinyanga
Jumapili, 14 Juni 1981

Mpendwa Mama Anisia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa miaka arobaini na sita nje ya kwetu, maana ilikuwa Juni 1935 serikali ya wakati ule ilipotuhamisha Nyarubanga, magharibi ya Ushirombo, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, ikachoma nyumba ili tusirudi, wenzangu wakapelekwa kwenye makazi mapya nami nikaja huku kuwa karani wa kinu cha pamba. Sikuelezi haya nikitafuta huruma, bali kwa sababu kosa ninalotaka kuungama lilianzia hapo, na naomba unisaidie, kama unavyowasaidia wasomaji wengine gazetini, kabla halijamwangukia mtu asiye na hatia.

Naishi na mwanangu Donatus, ambaye kazi yake iko mjini hivyo huja Jumamosi tu, na mkewe Nyamizi, na mtoto wao Coletha mwenye miaka mitano, ambaye tangu Januari yumo katika darasa la chekechea la kijiji, lile ambalo watoto wenyewe huliita vidudu, kwa Mwalimu Salvina. Anachojifunza asubuhi lazima tukisome sote jioni: anatunawisha mikono mmoja mmoja, anapanga vizibo vya soda kumi kumi barazani, na kuku wakipita anawakemea, "Kaeni kimya, mwalimu anaingia!" Mwezi wa tatu Mwalimu Salvina aliwapa mistari mitatu ya kufanyia mazoezi nyumbani pamoja na mtu mzima, ili mtoto akipotea arudishwe: jina langu ni Coletha, baba yangu ni Donatus, kwetu ni Tinde karibu na mashine ya kusaga. Jioni Nyamizi akiwa jikoni, mtu mzima mwenye nafasi nilikuwa mimi.

Mistari miwili niliiacha kama ilivyo. Wa tatu, Mama Anisia, kila alipoutamka nilijiona kama mtu anayefutwa ubaoni, na jioni moja nikamwambia, "Sema kwetu ni Nyarubanga, Ushirombo."

"Mwalimu kasema Tinde, babu."

"Ya mwalimu ni ya shuleni. Hii ndiyo ya kweli."

"Basi mwalimu tusimwambie?"

"Tusimwambie."

Akafurahi kwa kuwa sasa tuna siri, tukaendelea hivyo kila siku, shuleni jibu moja na nyumbani jingine, na hakuwahi kuyachanganya.

Jumanne iliyopita Nyamizi alikwenda naye Shinyanga mjini kutafuta kitenge, wakapotezana katika msongamano wa soko la Kambarage. Dereva wa lori la chumvi, jina lake Maduhu, alimkuta analia, akamwuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?" Coletha hakuwa shuleni, basi akatoa jibu la nyumbani. "Bahati yako, Ushirombo ndiko niendako," akasema yule bwana, akampakia. Na lori likapita hapa hapa Tinde. Coletha mwenyewe kanisimulia: "Niliona mashine ya kusaga, babu, nikaipungia mkono." Nikamwuliza mbona hakumwambia dereva asimame. Akanishangaa. "Si nilikuwa nakwenda kwetu?"

Ushirombo Maduhu aliuliza watu mpaka jioni, hakuna aliyejua, hadi mzee mmoja pale parokiani akacheka, akasema, "Nyarubanga? Huko wanakaa nyati. Mtoto huyu kazaliwa na nyati?" Ndipo Coletha akalia sana, akaitoa mistari yote mitatu ya mwalimu wake, na Maduhu alipopata mzigo wa kurudi akamleta, siku ya tatu. Kwa haraka alimwachia jirani, akasema tu kwamba mtoto alitaja Ushirombo, akaondoka.

Siku zile tatu mama yake hakula, alizunguka mjini mpaka miguu ikavimba. Nami, na hili sijamwambia hata padri, siku ya pili wazo lilinijia kwamba huenda mtoto kasema Nyarubanga, nikalifukuza, nikakaa kimya kwenye kiti changu.

Sasa Nyamizi anaona kosa ni la mwalimu, kwa kuwa Mwalimu Salvina ni mzaliwa wa Ushirombo. Anasema, "Anawafundisha watoto wetu kwao yeye! Shule gani hii ya kufundisha watoto kupotea?" Amemtoa Coletha darasani, na Ijumaa ya tarehe 26 kamati ya kijiji itakaa kuamua kama mwalimu aondolewe. Coletha hajamwambia mtu mwingine neno, maana tuliahidiana. Nikitaka kusema nakwama, kwa sababu kwa desturi yetu baba mkwe na mkamwana hawakai wakazungumza uso kwa uso; nikiwa na kiu nasema, "Coletha, mwambie mama babu anaomba maji," naye hujibu kutoka jikoni, "Coletha, mwambie babu mtungi haujahama." Je, nimtume mtoto akaungame kwa niaba yangu? Au ninyamaze, yapite?

Leodgar

*

Mzee Leodgar, shikamoo. Natanguliza heshima kwa sababu yanayofuata si matamu.

Pole kwa Nyarubanga. Aliyechomewa nyumba akiwa kijana hawezi kuamriwa asahau, na sitakuamuru. Lakini mtoto aliyepotea haulizwi kwao ili asimulie historia ya ukoo. Anaulizwa ili apelekwe mahali ambapo mama yake amemtandikia alale. Wewe ulichukua swali la kumlinda mtoto ukalijibu kwa uchungu wako, kisha ukamfunga mdomo mtoto wa miaka mitano. Hata leo analinda ahadi yako wakati ametolewa darasani analolipenda. Huoni kwamba amekuzidi uaminifu?

Na ile siku ya pili. Ulikuwa na neno ambalo lingempumzisha Nyamizi, ukalikalia. Hilo ndilo la kuomba msamaha kwanza, kabla ya mengine yote.

Kumbuka pia nani alimrudisha mjukuu wako. Ni mistari ya Mwalimu Salvina. Mwanamke unayemwacha ahukumiwe ndiye aliyempa Coletha njia ya kurudi.

Mtoto usimtume. Amebeba maji na salamu kati yenu vya kutosha. Dhambi ya babu yake asiibebe. Desturi yenu ya mkwe naiheshimu, lakini desturi hiyo hiyo ina mlango: una mwana. Jumamosi hii Donatus akija, mwambie yote, akae kati yenu, yeye aseme na mkewe nawe ukiwapo usikie. Jumatatu nenda kwa mwalimu kwa miguu yako. Ijumaa nenda kwenye kamati, usimame, useme maneno uliyoniandikia, bila kuanza na mwaka 1935. Anza na kosa.

Mwisho mwite Coletha. Mwambie siri imekwisha na hakukosea kitu. Fanyeni mazoezi ya mstari wa tatu kama mwalimu alivyoutoa, wewe useme kwanza, kwa sauti. Nyarubanga msimulie ukitaka, mto wake na watu wake, ila ajue ni mahali alipozaliwa babu, si mahali pa yeye kupelekwa. Na usimdanganye kwamba iko siku utasafiri kurudi huko.

Kwa kuwa kamati ilikuwa karibu, jibu hili nilimtumia kwa posta kabla ya kulichapa. Mzee ameniruhusu kuongeza mistari yake:

"Nimefanya. Kwenye kamati nilisimama, mwenyekiti akasema, 'Mzee, kaa kwanza,' nikakataa kukaa mpaka nimalize. Mwalimu Salvina amebaki, na Coletha amerudi darasani. Nyamizi alikaa siku saba bila kunitumia salamu, ya nane, Donatus akiwa amekuja, nikasikia kutoka jikoni, 'Baba Coletha, mwambie baba uji uko tayari, na asiuache upoe kama maneno yake.' Nilicheka, kisha nikalia.

Coletha nilimwambia kama ulivyoagiza. Akafikiri, akauliza, 'Kwa hiyo babu, wewe utakwenda kwenu lini?' Nikamjibu kwamba Nyarubanga hakuna nyumba tena, na kwamba mimi sitarudi."