Jina Mlilompa Mtoto Wenu

Nalufenya, Jinja
Jumapili

Shemeji Conrad,

Salamu kwako na kwa Phiona. Hapa mvua imerudi, na kaka yako Matia bado yuko zamu ya asubuhi kule gerezani. Shati ulilosahau nimelifua.

Nasikia mtoto wenu mmemwita Wasike, kama marehemu baba yenu. Hongera. Lakini jina hilo mmelitoa wapi?

Wewe ulikuwepo siku daktari aliposema fuvu la mwanangu halikuumbika, na kwamba hataishi. Nikambeba miezi mitatu zaidi nikimwita Wasike, na wewe ukija hapa ulikuwa ukimsalimia tumboni kwa jina hilo hilo. Alipozaliwa kimya, mama yenu alimfunga kwenye leso yangu, akampeleka huko kwenu Mbale, akamzika nyuma ya migomba, mimi nikiwa bado kitandani hospitalini. Akasema mtoto ambaye hakulia hana jina wala matanga. Nikanyamaza kwa heshima. Heshima hiyo imeisha.

Mwanao simchukii, na jina msimbadilishie. Pasaka nitakuja nimpakate, na mbele ya watu wote nitamwita Wasike Mdogo. Wakiuliza Mkubwa yuko wapi, wewe ndiye utakayewapeleka kule nyuma ya migomba.

Mwambie na mama yenu kwamba nakuja.

Shemeji yako Beldina,
Mama Wasike