Treni Itasimama Dakika Moja

Nyumba ya ghorofa nyuma ya stesheni kuu,
Jumapili, tarehe 2, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu. Hamjambo? Goti lako je, limekubali kupanda ngazi? Mimi sijambo, ila ile homa ya mapafu ya mwaka jana imeniachia kikohozi kikavu ambacho majirani wanakijua kuliko jina langu. Lakini nakula na nalala, namshukuru Mungu.

Nilifurahi mno kusikia mnakuja kwa wiki mbili. Umeniagiza nikupangie safari za treni za kwenda asubuhi na kurudi jioni, nami, kama unijuavyo, sikupanga kwa kukisia. Nimezipanda zote mwenyewe. Miaka ishirini na tisa nilitangaza treni za watu mpaka nikastaafu, na nyingi sikuwahi kuzipanda!

Ya kwanza ni ya bwawani. Inaondoka saa mbili na robo, na kabla ya saa nne mmeshafika. Kaeni upande wa kushoto, maana kulia mtatazama kuta za viwanda hadi macho yachoke. Bebeni chai yenu. Ya pale kituoni ni maji yaliyosikia tu habari za majani.

Ya pili inakwenda mji wa machimbo ya mawe. Wifi atapenda soko la vitabu vikuukuu. Mkiikosa treni ya saa kumi, ipo nyingine saa kumi na moja na nusu.

Ya tatu ndiyo iliyonikalisha kuandika barua hii. Ni reli ya mashariki, inayopita kwenye matanuri ya matofali. Najua utaitaka. Pacha wako alipotelea pale mkiwa na miaka saba, na hujapita tena tangu siku ile.

Sauti inayotaja vituo ndani ya mabehewa bado ni yangu, ya ujana wangu, ilipokuwa haina mikwaruzo. Jumanne nilikaa naisikiliza, nikijicheka kimoyomoyo. Tulipopita kiwanda cha sabuni ikasema, "Kituo kinachofuata ni Matanuri." Mdogo wangu, kituo hicho kilifungwa mwaka uleule alipopotea, na mimi nilianza kazi miaka kumi baadaye. Sikuwahi kulisoma jina hilo. Tena haikuwa sauti ya ujana. Ilikuwa hii ya leo, pamoja na kikohozi chake.

Treni haikusimama. Abiria hawakuinua hata vichwa. Jukwaa lilipita, nyasi zimefika kiunoni, ila mbele ya benchi zilikuwa zimelala, kama mahali mtu anaposimama kila siku.

Nilimwendea Fundi Waya, aliyekuwa akinirekodi zamani. Alidhani nazeeka vibaya. Alhamisi nikamburuta tukapanda wote. Jina lilipotajwa akanishika mkono.

"Dada, sauti ni yako," akasema, "ila hiyo mimi sijakurekodi. Tushuke kituo kinachofuata."

Tulirudi kwa basi.

Jana nilikwenda peke yangu. Baada ya jina, sauti ikaendelea: "Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, treni itasimama hapo dakika moja. Dakika moja yatosha." Tarehe hiyo ndiyo niliyoipangia safari yetu ya tatu. Niliiandika kwa penseli kwenye daftari langu, na daftari halijatoka kabatini. Niliogopa, mdogo wangu.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata marehemu mama. Siku ile treni iliposimama pale, kofia yako ikapeperuka dirishani ikaangukia jukwaani, nawe ukaanza kulia. Mimi mkubwa wenu ndiye niliyemwambia mwenzio, "Shuka uiokote, dakika moja yatosha." Miaka arobaini na moja umeamini kilio chako ndicho kilichomshusha. Si wewe. Ni mimi. Nisamehe.

Ningeweza kuificha reli hiyo, lakini ni pacha wako, na nimeshakuficha ya kutosha. Treni ikisimama, kaa ndani. Mshike wifi mkono, wala usiusogelee mlango, hata ukimwona, hata akikuita kwa lile jina lenu la utotoni. Atakayeshuka ni mimi. Tiketi nimekwisha kukata: zenu mbili za kwenda na kurudi, yangu ya kwenda tu.

Mbusu mwanangu kwa niaba yangu, na umwambie shangazi anamwombea mtihani. Fundi Waya anawasalimu, ila kaapa hapandi treni tena. Mungu awafikishe salama, na awarudishe salama ninyi wawili.

Akupendaye tangu siku uliyozaliwa,
Dada yako