Wifi, Mdogo Wako Ananitazama Midomo

Nyumba ya Mchungaji,
Kiseke,
Mwanza.
14 Novemba 2023

Mpendwa Wifi Wilhelmina,

Shikamoo. Vipi mguu wako, umeacha kuvimba? Na Baba Bernadeta, kile kifua kimetulia? Huko Songea najua mnalima sasa. Sisi huku ni wazima wa kusema wazima. Mvua zinanyesha na bustani yangu ya mchicha imesombwa yote.

Sikupiga simu kwa sababu sebule hii haikosi mgeni, na mdogo wako habanduki ubavuni pangu. Hellen wa kwaya anakuja huko kwa mumewe, atakukabidhi barua hii mkononi.

Wifi, Shigela anasahau. Sisemi kusahau miwani, hiyo hata mimi nasahau. Anasahau ibada. Miaka ishirini na sita ameiongoza bila kufungua kitabu, na sasa hata akikishika anapotea katikati. Ndiyo maana nimeacha kwaya nikahamia benchi la mbele. Akikwama ananitazama midomo, nami natamka neno linalofuata bila sauti, naye analidaka. Kina mama wanasema siku hizi mama mchungaji amezama kwenye maombi.

Septemba, Ndalahwa na mkewe walileta mtoto wao abatizwe Deodatus. Shigela akamwagia maji na kumwita Antoni. Jina la marehemu mwanetu, Wifi. Nilikuwa nimefumba macho, nikachelewa kumsaidia. Wazazi wakaona wametunukiwa, kanisa zima likasema ni Roho, na jioni wakatuletea jogoo wa shukrani. Nilimnyonyoa huku nalia.

Mwezi uliopita aliaga anakwenda kumwona mgonjwa mtaa wa pili. Alikutwa Kisesa, kwenye usharika wetu wa zamani, amevaa kola yake, anaulizia ufunguo wa ofisi. Nilimdanganya kwamba tunakwenda hospitali kupima presha. Daktari akaniita pembeni akaniambia ugonjwa huu haurudi nyuma.

Sasa Jumapili ya tarehe tatu Desemba ni kipaimara. Watoto thelathini na wawili, kila mmoja anapiga magoti, anawekewa mikono, anatajwa jina lake na kupewa aya yake. Pale anakuwa ameinamia kichwa cha mtoto, hawezi kuniona. Hapo midomo yangu haifiki.

Kwenda kwa mkuu wa jimbo kumweleza peke yangu naogopa. Kesho ukoo wenu utasema yule Mhaya aliyeolewa kwetu amemvua ndugu yetu kola. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya kanisa lote, na watoto wa watu watabeba majina yasiyo yao. Wewe ndiye uliyemlea Shigela baada ya mama yenu kufariki. Niambie la kufanya, au njoo kabla ya siku hiyo. Wanawake wanakuja kwangu na shida zao, nawaambia wamkabidhi Bwana, wanaondoka wamepata nguvu. Mimi nimemkabidhi mpaka nimekosa maneno, na kila asubuhi namkuta mume wangu amepungua tena.

Nisalimie Bernadeta na wajukuu, na yule mzee Antoni, jirani yenu, aliyeona fahari mwanetu kupewa jina lake. Kokulinda wetu mdogo yuko shule ya bweni, hajaambiwa kitu.

Baraka ya chini ni mkono wa Shigela. Nilikunja karatasi asisome ya juu, nikamwomba akuombee mema. Angalia mwandiko ulivyonyooka:

Bwana akulinde wewe na nyumba yako, akupe amani. Mch. Shigela Maige.

Aliponirudishia kalamu akauliza barua ni ya nani. Nikamwambia, "Ya dada yako Wilhelmina, aliyekulea."

Akanitazama midomo, akangoja nimpe neno linalofuata.

Mimi wifi yako nikupendaye,
Renatha