Mahadhi ya Kasida ya Mama

Mjukuu wangu Rukia,

Hapa Siyu sote wazima, na dadako amejifungua salama. Nimekupita miaka saba tu, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako, basi nakujibu kwa nini niliacha kuimba.

Mama alinifunza kasida yake ya kumsifu Mtume. Nilipokwenda Mombasa kuimba taarab, mahadhi yake niliyatilia maneno ya mapenzi, yakapendwa kila harusi.

Siku ya hitima ya kumwombea marehemu mama, jirani yetu Bi Zena aliniambia, "Haya mwanangu, tuanzie kasida ya mamako." Nikaanza. Watoto wakadakia kwa furaha, "Njoo mpenzi, njoo!" Bi Zena akacheka, kisha akajifunika uso.

Tangu hapo maneno ya mama yamenitoka. Nimewauliza wanawake wa Siyu wanikumbushe. Nao huniimbia yangu.

Bibi yako,
Mwanaisha